Fundi wa Nyuma ya Pazia

Hakuwa na mke. Hakuwa na baiskeli, wala kitanda cha kuitosha miguu yake mirefu, wala rafiki wa kupita kumjulia hali siku ya mapumziko. Hakuwa na jino la mbele, la juu upande wa kushoto. Lilimtoka akiwa na miaka kumi na tisa na hakwenda kutiwa jingine, kwa sababu kwa daktari wa meno kuna watu wamekaa wakisubiri, na watu wanaosubiri hupenda kuzungumza. Hakuwa na ufunguo wa sanduku la posta. Na zaidi ya hayo yote, hakuwa na neno hata moja la kumwambia mtu asiyemjua. Mgeni akimsalimu, masikio yalipata moto, ulimi ukaganda, na salamu ya watu ikabaki hewani bila mpokeaji.

Alichokuwa nacho ni mkono. Koti alilolikata yeye lilimkaa mtu hata mwenyewe akasahau kwamba bega lake moja limeshuka tangu utotoni.

Mkono huo ulifanya kazi katika duka la shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee. Chumba cha mbele kilikuwa na kioo kirefu, kochi la wateja na kaunta. Chumba cha nyuma kilikuwa na meza ya kukatia, cherehani mbili na pasi. Kati ya vyumba hivyo palining'inia pazia zito la kijani, na kwa ajili ya pazia hilo wateja walimpa jina, Fundi Pazia, ingawa wengi wao hawakuwahi kumwona zaidi ya viatu.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu wake. Shemeji alimsimamisha mteja mbele ya kioo, akampima huku akimchekesha, na kila kipimo akakiita kwa sauti: bega kumi na nane, mkono ishirini na tano, kiuno tusiseme mbele za watu. Nyuma ya pazia, fundi aliandika, kisha akagonga meza kwa mpini wa mkasi. Mara moja, nimesikia. Mara mbili, rudia. Utaratibu huo aliubuni shemeji mwenyewe katika wiki ya kwanza, alipomkuta fundi ametokwa jasho kwa kuulizwa na mteja kama koti litakuwa tayari lini.

"Usijisumbue, shem," alimwambia siku ile. "Wewe gonga tu. Kusema niachie mimi, nimepewa ulimi wa watu wawili."

Fundi aliona huo ni wema. Miaka kumi na moja alikuwa akigonga, na kila alipogonga alimshukuru shemeji yake moyoni.

Dada yake alimshukuru zaidi. Utotoni, mwalimu aliwahi kumsimamisha asome kwa sauti mbele ya darasa, naye akasimama na kitabu mkononi mpaka kengele ikalia. Shuleni hakurudi tena. Kusoma na kuandika alifundishwa na dada, jikoni, juu ya meza ya kukatia mboga, jioni baada ya jioni, mpaka mwandiko wao ukawa mmoja kama watoto pacha. Hata ule mkia wa herufi g, ambao dada aliupinda kurudi nyuma kama ndoana, na yeye aliupinda vilevile.

Mambo yalianza kugeuka kwa sababu ya gazeti. Kama mafundi wengi, alikata violezo vyake kwenye magazeti ya zamani kabla ya kugusa kitambaa. Siku moja, akiwa katikati ya mkono wa koti, mkasi wake ulisimama juu ya tangazo. Chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa kukata nguo. Mwombaji aandike barua kwa mkono wake mwenyewe, aitume kwa posta, na akiitwa atafundisha somo moja mbele ya wanafunzi arobaini. Zilibaki wiki nane.

Alilisoma mara tatu. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na alikuwa na namna yake ya kukata kola isiyoinuka shingoni hata mvaaji akiinama kufunga viatu. Namna hiyo hakufundishwa na mtu, na hakuna mtu aliyemfundisha. Akifa, kola ile ingezikwa naye. Alilikata tangazo, akalitia mfukoni, na kiolezo cha mkono wa koti kikabaki na dirisha.

Basi akapanga dawa yake mwenyewe. Nguo haishonwi moja kwa moja; kwanza hupigwa bandi, mishono mirefu, milegevu, ambayo ikikosewa hufumuliwa bila kuacha alama. Aliamua na kusema kwake kuwe hivyo. Kila siku mgeni mmoja, sentensi moja, kwa mtu ambaye huenda asimwone tena.

Siku ya kwanza alimwendea mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi nje ya benki, akamuuliza saa ngapi. Mzee alimtazama usoni, akatazama mkono wake.

"Na hiyo uliyovaa ni bangili?"

Fundi alikimbia karibu aanguke. Siku ya pili aliiacha saa nyumbani.

Wiki ya pili alihamia kwa wauza mboga. Aliuliza bei ya vitunguu asivyovihitaji, na kwa kuwa hakujua namna ya kuondoka mbele ya mtu bila kununua, alinunua. Dada yake aliona kapu linajaa, akamuuliza kama anafungua duka la vitunguu. Alicheka, akasema anajifunza jambo. Hakueleza ni jambo gani, na dada hakuuliza. Ila alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Baadaye fundi aliukumbuka mtazamo ule.

Wiki ya nne alithubutu kwenda kwa kinyozi. Huko ndiko kwenye mtihani, maana mtu hawezi kukimbia akiwa amenyolewa nusu kichwa. Kinyozi alikuwa mnene, mcheshi, anayesema kama redio iliyokosa kifungo cha kuzimia. Alisimulia habari za mkwe wake, za paa lake linalovuja, kisha akaingia kwenye nguo.

"Mtaa wa juu kule kuna duka la makoti," alisema, "mkataji wake ni bubu. Bubu wa kuzaliwa. Lakini mkono wake, ndugu yangu! Yule kanyimwa ulimi akapewa vidole."

Fundi alijua maduka mawili ya makoti mtaa wa juu, lao na la pili lililo karibu na soko. Akafikiri ni la pili. Akamhurumia mtu yule kwa dhati.

"Maskini," alisema.

Kinyozi alikubali kwamba ni maskini kweli, wakaendelea na habari za paa. Siku ile fundi alirudi kazini akijipongeza. Alikuwa amezungumza na mgeni nusu saa nzima. Wiki ya tano alirudi kwa kinyozi ingawa hapakuwa na nywele za kunyoa, na ya sita pia.

Wiki ya nane ilipoanza, zikiwa zimebaki siku nne, shemeji alikwenda kwa muuza vitambaa wa jumla na kumwacha peke yake dukani. Kwa kawaida, akiwa peke yake, mlango ulifungwa. Siku hiyo fundi aliuacha wazi makusudi. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: karibu, nikusaidie nini?

Aliingia mama mmoja wa makamo, amebeba koti mkononi. Hakupiga hodi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye pazia, akaligusa, akalifungua kidogo, na alipomwona fundi, alitabasamu na kuanza kuzungumza kwa mikono. Alionyesha koti, akaonyesha bega lake, akainua vidole viwili, akavishusha.

Fundi alishangaa, kisha moyo wake ukatulia. Mama huyu ni bubu, alijiambia, na sentensi yake akaimeza kwa furaha isiyo na aibu. Kati ya wageni wote duniani, huyu ndiye ambaye hakumwogopa. Naye akajibu kwa mikono. Alionyesha bega, akakunja uso kuuliza: lipunguzwe? Mama akatikisa kichwa: hapana, liongezwe. Kiasi gani? Vidole viwili. Waliendelea hivyo dakika kadhaa, wakielewana vizuri kuliko watu wengi wenye ndimi, mpaka mama alipoweka kiganja juu ya meza kuonyesha urefu wa mkono na kukiweka juu ya pini.

"Mama yangu wee!"

Fundi akadondosha chaki. "Kumbe unasema?"

Mama akasahau kidole chake. "Na wewe je?"

Walitazamana. Halafu mama akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa, akamuuliza kwa sauti ya chini amepona lini. Fundi akasema hajawahi kuugua. Maneno yalikuja polepole, lakini yalikuja.

Mama huyo alikuwa mkuu wa idara ya ushonaji katika chuo kilekile cha kwenye gazeti. Alieleza kwamba miaka mitatu iliyopita alimwona mtu amevaa koti, akamfuata barabarani kama mwizi ili aitazame kola. Akaambiwa koti limetoka duka hili, na mkataji ni bubu anayejibu kwa kugonga mkasi. Mteja mwenyewe alimsikia akigonga. Chuo kilimwandikia fundi barua, kikimwomba aje hata kwa siku moja. Majibu yalikuja: bubu tangu kuzaliwa, masikio nayo mazito, watu wengi humtia hofu, haifai kumsumbua. Lakini bwana wake, aliyemfundisha kila kitu, yuko tayari.

"Akaja," alisema yule mama. "Alisema habari za kola dakika arobaini, tukamsikiliza vinywa wazi. Tulipompa mkasi, mgongo ukamuuma."

Fundi alitaka kucheka, na labda siku nyingine angecheka. Alitazama mkasi wake juu ya meza. Kwenye ubao wa meza, mahali alipozoea kugonga, palikuwa pamebonyea kishimo kidogo kama cha kidole gumba. Miaka kumi na moja. Kila alipogonga kusema nimesikia, mbele ya pazia mtu aliambiwa: mnamsikia, maskini wa Mungu, ndiyo lugha yake hiyo. Bubu halisi hana aibu ya kuwa bubu. Aibu ilikuwa ya mtu mwenye ulimi wake, aliyeukalisha kimya huku wengine wakimzika mdomo.

Akaomba kuiona ile barua. Mama alisita, kisha akasema iko kwenye faili, aje kesho.

Kesho yake alimwambia shemeji anakwenda kununua sindano. Kwenye geti la chuo palikuwa na askari mwenye daftari. Alitaka jina, shida, na mtu anayemtafuta. Fundi alijibu vyote vitatu, na jasho lilipomtoka aliliacha litoke. Kwenye ofisi, karani alimwambia asubiri pale na wale wengine. Alikaa kwenye benchi kati ya watu wawili asiowajua. Mmoja akasema leo joto kali. Fundi akasema joto kali kweli. Wiki nane zilizopita hapo ndipo angekufa.

Mama mkuu wa idara alimfungulia faili. Fundi alikuwa amejiandaa kuona mwandiko wa shemeji yake, zile herufi kubwa kubwa zinazopanda kilima. Lakini barua ilikuwa imeandikwa vizuri, mistari imenyooka kama imepigiwa rula. Jicho lake lilishuka lenyewe mpaka kwenye neno "nguo", na mkia wa g ulipinda kurudi nyuma kama ndoana.

Alisoma mpaka mwisho. Alisoma mara ya pili. Kidole chake kilikuwa juu ya ule mkia na hakikutaka kuondoka.

"Unaujua mwandiko huu?" aliuliza mama.

"Ndio ulionifundisha kusoma."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Fundi alikuwa amezishona nguo zenyewe, mshono kwa mshono, asione kitu.

Mama mkuu wa idara alikuwa mtu wa haki. Alimwambia kwamba hawezi kupokea ombi lake la kazi mkononi, watasema amempendelea. Aandike kama tangazo linavyotaka, atume kwa posta, ifike kabla ya Ijumaa.

Fundi alirudi nyumbani, maana aliishi kwa dada, chumba cha uani. Walikula pamoja, watatu. Shemeji alikuwa katika hali nzuri, anasimulia alivyombana muuza vitambaa. Fundi alingoja amalize.

"Dada," alisema, "miaka mitatu iliyopita uliandika barua kwenda chuo cha ufundi?"

Kijiko cha dada kilisimama. Shemeji ndiye aliyeanza kusema, na alisema sana. Alisema biashara ina mambo yake. Alisema wateja wanapenda hadithi, na hadithi ya fundi bubu ilijaza kochi la mbele kuliko tangazo lolote. Alisema hakuna aliyeumia. Fundi hakumtazama. Alikuwa anamtazama dada yake.

"Ulitaka nifanye nini?" dada alisema hatimaye. "Nikuache uende ukasimame mbele ya watu arobaini, na kitabu mkononi, mpaka kengele ilie? Mimi ndiye niliyekupokea siku ile. Mimi ndiye niliyekufulia kaptura. Nilikuwa nakulinda."

Habari ya kaptura hakuna mtu aliyeijua hapa duniani ila wao wawili. Sasa shemeji naye aliijua, kama hakuwa ameijua siku nyingi.

"Uliandika kwamba sisikii," fundi alisema.

Dada alikiweka kijiko chini.

"Hilo nalo lilikuwa la kunilinda?"

"Hilo alilisema yeye. Mimi niliandika tu."

Yeye, yaani mumewe, alisukuma sahani. Alisema shukrani ya punda ni mateke. "Nani alikulisha miaka yote hii? Ulimi wangu huu ndio uliokulisha."

"Ulimi wako umekula mkono wangu," fundi alisema. Hakupandisha sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu shemeji yake kwa sentensi nzima. Fundi aliinuka, akaosha sahani yake kama kawaida, akaenda chumbani. Usingizi haukumjia. Hasira kwa shemeji aliiona mwanzo na mwisho wake, kama pindo. Ya dada haikuwa na mwisho. Kila alipotaka kuishika, alikuta mkononi kitu kingine: penseli, na mkono wa dada ukiuongoza wake juu ya meza ya mboga.

Asubuhi hakwenda dukani. Alinunua karatasi, bahasha na stempu, kisha akakumbuka jambo lililomsimamisha katikati ya njia. Majibu yangekuja wapi? Sanduku la posta lilikuwa la duka, na ufunguo ulining'inia kwenye mkanda wa shemeji, pale pale ulipokuwa ilipokuja ile barua ya kwanza. Alijaribu kufikiria ndugu mwingine wa kumwomba. Hakumpata. Duniani alikuwa na watu wawili tu, na wote wawili walikuwa kwenye ile faili.

Akaenda kwa kinyozi.

Kulikuwa na mteja kitini na wengine wawili wakisubiri, wote wageni kwake. Fundi alisimama mlangoni. Masikio yakapata moto. Kinyozi alimwona kwenye kioo, akamwambia akae, ingawa kichwa chake hakina kitu cha kunyoa, labda kung'arishwa. Wale wengine wakacheka.

"Nina shida," fundi alisema. "Naomba niandike sanduku lako la posta kwenye barua yangu. Majibu yakija, uniwekee."

"Kwani huna ndugu?"

"Ninao."

Kinyozi aligeuka. Mkasi wake ulikuwa bado unakata hewa.

"Yule bubu wa duka la makoti," fundi alisema, mbele ya wote wanne, "ndiye mimi."

Mkasi ukanyamaza. Mteja aliyekuwa kitini alijigeuza na shuka lake shingoni kumtazama. Kinyozi alivuta droo, akatafuta kipande cha karatasi, akaandika namba ya sanduku, akampa.

"Na mimi nikakwambia maskini," alisema.

"Hapana. Maskini nilisema mimi."

Kinyozi alimsogezea kibao cha magazeti, fundi akakaa pembeni na kuandika hapo hapo, watu wakizungumza juu ya kichwa chake. Aliandika kwamba anaomba kazi ya kufundisha. Aliandika umri wake na miaka yake ya kazi. Aliandika kwamba anasikia vizuri. Alipofika kwenye neno "nguo", mkono wake ulishuka na kupinda mkia wa g kurudi nyuma, kama ndoana. Aliutazama. Akachukua karatasi ya pili, akaanza upya, na safari hii akajilazimisha kuunyoosha. Ukatoka kama mguu uliovunjika, na neno zima likaonekana limeandikwa na mtu mwingine. Aliichana. Hakuwa na g nyingine. Akairudia ile ya kwanza, akamalizia, akatia sahihi.

Posta palikuwa na foleni. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alimuuliza kama hili ndilo dirisha la barua. Fundi alisema ndilo. Alikunja karatasi mara tatu, akaitia ndani ya bahasha, akapitisha ulimi wake kwenye gundi kutoka pembe mpaka pembe, akaibana kwa kidole gumba kama anavyobana pindo kabla ya pasi. Zamu yake ilipofika, karani aliuliza bila kuinua macho: ya kawaida au ya rejista?

"Ya rejista," fundi alisema. "Na jina la mtumaji ni langu."

Karani akagonga muhuri mara moja, akaitupa barua ndani ya gunia.